Pimeni presha ya mafuta kabla ya kutuuzia pampu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye magari ya zamani, na zaidi mafundi wetu, jambo lililonigharimu fedha nyingi na saa nyingi za kukaa kando ya barabara. Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1993, la petroli, lenye injekta. Kwa miezi minne lilikwenda vizuri kabisa hapa mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, na katika barabara ya Tororo, lakini kila nilipoanza kupanda mlima kuelekea Kapchorwa lilikuwa likikohoa, likipoteza nguvu, na mwishowe likizima. Nikingoja kama robo saa liliwaka tena kana kwamba halikuwa na kasoro yoyote, likaenda kilomita chache, kisha likarudia yale yale.

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo yangu, akafungua boneti na kusema pampu ya mafuta imekufa. Nikanunua pampu, na tatizo likabaki. Fundi wa pili akasema niliyouziwa ni bandia. Nikanunua nyingine, na baada yake plagi, filta na koili. Sina shaka na nia yao, kwa sababu walijitahidi, na mmoja wao alinifuata hadi Sipi usiku wa mvua bila kudai malipo ya ziada. Ninachosikitikia ni kwamba katika gereji zote mbili hakuna aliyepima chochote.

Aliyelimaliza tatizo ni fundi mzee wa Tororo mwenye geji ya presha. Aliifunga kwenye bomba la mafuta karibu na injini, akachomoa kibomba cha utupu kwenye kidhibiti presha, akawasha. Kwa injini kama yangu geji inapaswa kusoma kati ya kilopaskali 265 na 304, yaani pauni 38 hadi 44 kwa inchi mraba, nayo ilisoma sawasawa. Wengi wangeishia hapo na kusema mafuta hayana shida. Yeye alizima injini, akaelekeza bomba la kurudishia mafuta kwenye jerikeni, akaunganisha kwa waya matundu mawili yaliyoandikwa FP na +B katika kisanduku cha uchunguzi kilichomo ndani ya boneti, ili pampu izunguke bila injini kuwaka. Mwanzoni petroli ilitoka kwa wingi. Baada ya dakika chache ikapungua, ikawa uzi mwembamba, na sindano ya geji nayo ikaanza kushuka. Alisimamisha pampu, tukapumzika, akaiwasha tena, na mafuta yakaja kwa wingi kama mwanzo.

Hapo ndipo nilipoelewa maradhi ya gari langu. Tangi lilikuwa na kutu na tope, na pampu ilipokuwa ikivuta, uchafu ule ulinasa kwenye chujio dogo la wavu lililo mdomoni mwake hadi likaziba. Pampu ikisimama, uchafu unaanguka chini na njia inafunguka, ndiyo maana gari liliwaka baada ya kupumzika. Kwenye tambarare injini ilitosheka na kidogo kilichopita, lakini mlimani ilidai mafuta mengi kuliko yaliyofika. Pampu zote mbili nilizonunua zilifungwa pamoja na chujio lile lile kuukuu, ndani ya tangi lile lile chafu. Tulilishusha tangi, tukaliosha, tukaweka chujio jipya na filta mpya. Kazi hiyo ilinigharimu chini ya bei ya pampu moja.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu naamini gari langu si la peke yake. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yale yaliyokwisha kuingia bado yako barabarani, na ndiyo yanayotupeleka sokoni, shuleni na hospitalini. Matangi yake yamezeeka. Wengi wetu tunaendesha taa ya mafuta ikiwaka, tukinunua lita mbili leo na tatu kesho, na hewa yenye unyevu inayojaa juu ya mafuta machache huongeza kutu. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba, mpakani na Kenya, na petroli ikaadimika, wengine tuliijaza kwa majerikeni na chupa ambazo hatukujua zilikuwa na nini kabla.

Si kila gari litakuwa na tope. Presha ikiwa chini tangu mwanzo, fundi apime umeme pale pale kwenye pampu ikiwa inazunguka: betri ikiwa na volti 12 na pampu ikapata 9, ubovu uko kwenye waya, relei (swichi ya umeme ya pampu) au sehemu ya kufungia waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, iliyoshika kutu, na pampu mpya haitasaidia kitu. Kuna magari yanayozima kwa sababu tundu la kupitishia hewa tangini limeziba. Ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu. Kwa magari ya kabureta yenye pampu inayosukumwa na injini, chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Harufu kali ya petroli huweza kuonyesha kwamba ngozi ya pampu imepasuka na mafuta yanamwagika ndani ya injini, na gari hilo lisiendeshwe hata kwa kilomita moja.

Kuna desturi mbili zinazonitisha, nami naomba mafundi waziache. Ya kwanza ni kuning'iniza chupa ya plastiki yenye petroli juu ya injini ya moto ili kujaribu kama tangi ndilo lenye shida. Ya pili ni kuchomelea tangi lililotoboka kwa sababu tu limemwagwa likaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka.

Ombi langu kwa wenye gereji ni kwamba kila gereji iwe na geji ya presha na mita ya umeme, na mteja aonyeshwe vipimo kabla ya kuambiwa anunue pampu. Vyuo vya ufundi navyo, kikiwamo kile cha Nakawa ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na Japani, nchi yalikotengenezwa mengi ya magari haya, visimpe kijana cheti cha umakanika kabla hajapima presha ya mafuta kwa mikono yake mwenyewe na kueleza namba alizosoma zina maana gani. Sisi wenye magari tuwe tayari kulipia upimaji huo kama kazi kamili, maana fundi asiyelipwa kwa kupima atatafuta riziki yake katika kuuza spea.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mbale