Usitishaji vita wa Kivu unahitaji mtu wa kupokea simu

Mhariri,

Kila vita vya mikoa ya Kivu, mashariki mwa Kongo, vinapopamba moto, mjadala wetu huku Afrika Mashariki huishia kwenye hesabu ya askari: nani apeleke batalioni ngapi, chini ya bendera ipi. Hesabu hiyo tumeifanya mara nyingi. Mwaka 2013 ilikuwa brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Novemba 2022 kikaingia kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), kikaondoka Desemba 2023. Kikafuata kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambacho wakuu wa nchi walikisitisha Machi 2025 baada ya mji wa Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23. Naomba nafasi nieleze jambo dogo kuliko batalioni, ambalo bila hilo batalioni huwa kipofu: mtandao wa wanakijiji wanaotoa tahadhari.

Kwanza tukumbuke ulikotoka. Novemba 2008, pale Kiwanja, eneo la Rutshuru, waasi wa CNDP waliua takriban watu 150. Kambi ya walinda amani ilikuwa karibu kilomita moja tu kutoka hapo, lakini haikuwa hata na mkalimani wa kuongea na watu waliokuwa wakikimbia. Mwishoni mwa Julai 2010 ikawa zamu ya vijiji vya Luvungi na jirani zake kule Walikale. Kwa siku nne watu wasiopungua 387 walibakwa, wanawake, wanaume na watoto, katika vijiji 13. Kambi ya Kibua ilikuwa umbali wa kilomita kama 30, na vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu. Misiba hiyo ndiyo iliyosukuma MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, kuweka Wakongo kwenye kambi zake kama kiungo kati ya makamanda na wanakijiji, na kugawa simu kwa machifu, akina mama na vijana.

Ukiusikia hivi hivi, utaratibu huo ni mwepesi: mtu anaona hatari, anapiga simu, askari wanakuja. Aliyeufuatilia kwa karibu anajua kwamba kila hatua ina mahali pa kukatikia.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Tahadhari inayofaa inajibu mambo sita: nani, wangapi, wana silaha gani, wako wapi sasa hivi, wanaelekea wapi, na raia wamekimbilia wapi. La saba, ambalo husahaulika, ni kama mpigaji ameona kwa macho au ameambiwa. Mtu mwenye hofu husema "wamejaa, wanakuja." Anayepokea anapaswa kumuuliza taratibu: wamepita mbele ya shule au nyuma yake? Walipita kwa msururu? Msururu uliishia wapi? Kwa maswali matatu "wamejaa" inageuka kuwa watu 40, wenye bunduki na chombo kimoja kizito kinachobebwa na watu wawili.

Mahali nako ni mtihani. Kivu Kaskazini ina Katale ya Masisi na ina Katale ya Rutshuru, na mifano ya namna hiyo ni mingi. Jina la kijiji pekee halitoshi. Lazima liambatane na jina la chifu, na la mlima au mto ulio karibu. Doria iliyopelekwa kwenye Katale isiyo yake imepoteza siku nzima, na kijiji kilichopiga simu hakitapiga tena.

Kifaa kinachofaa ni kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe. Simu janja inamaliza chaji kwa siku moja, na kwenye kizuizi cha barabarani ndiyo ya kwanza kuporwa au kukaguliwa picha zake. Kitochi chenye laini mbili za mitandao tofauti kinakaa na chaji siku kadhaa, na mnara mmoja ukizimwa mwingine huenda unashika. Namba ya dharura isihifadhiwe kwa jina la ofisi wala la mzungu yeyote. Iitwe jina la shangazi au la fundi cherehani. Ujumbe usiandikwe: mtu abipu, apigiwe, kisha aifute namba kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Watu wameuawa Kivu kwa kutuhumiwa tu kuwa wapelelezi, kwa hiyo nasisitiza: mpango wowote unaogawa simu bila kufundisha kufuta namba unahatarisha uhai wa anayepewa simu hiyo.

Nani apewe? Chifu pekee hatoshi, kwa kuwa kila kundi lenye silaha likifika linaanzia kwake, na pengine analazimika kukaa nalo meza moja. Wanaoona mapema ni akina mama waendao mashambani alfajiri na vijana wa pikipiki. Wao ndio hugundua kuwa wauza mbuzi hawakuja sokoni, au kuwa familia za wapiganaji zimefunga virago usiku. Katika kila kijiji watu watano wasiofanya kazi pamoja wanatosha, mradi watoke katika jamii zote zinazoishi hapo. Tahadhari ya uongo ipo, na mara nyingi lengo lake ni kuwatupia askari majirani wa kabila jingine. Wahunde, Wahutu, Wanande na Watutsi wakiwa kwenye orodha moja, taarifa ya upande mmoja inaweza kuulizwa upande wa pili ndani ya nusu saa.

Wahudumu wa afya na wagawa chakula waachwe nje kabisa. Siku daktari atakapojulikana kuwa anapiga simu kambini, zahanati imekwisha, na majeruhi wa pande zote watafia njiani. Mashirika ya misaada yanalijua hili. Wafadhili wenye haraka ndio hulisahau.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Juni 2014, kijijini Mutarule karibu na Uvira, watu wasiopungua 30 waliuawa usiku mmoja. Walinda amani walikuwa Sange, kilomita zisizofika 10, na habari waliipata. Walifika mauaji yakiwa yamekwisha. Pale mtandao wa tahadhari ulifanya kazi yake. Aliyekosekana ni mwenye amri ya kuwasha gari. Kila tahadhari inapaswa kuandikwa saa iliyopokelewa, jina la afisa aliyeipokea, alichoamua na saa aliyoamua. Mpigaji naye arudishiwe jibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni "hatuwezi kufika, kimbieni kwa njia ya magharibi." Jibu baya linaokoa watu. Ukimya unawafanya wakae wakisubiri gari ambalo haliji.

Nayaandika haya sasa kwa sababu kazi hiyo imebaki bila mwenyewe. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024, na kambi ikifungwa, anayepokea simu hufungasha pia. Oktoba 2025 huko Doha, serikali ya Kongo na waasi wa AFC/M23 walitia saini utaratibu wa kusimamia na kuhakiki usitishaji vita, Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu ukishirikishwa. Tarehe 4 Desemba marais wa Kongo na Rwanda wakatia saini makubaliano ya amani Washington. Ndani ya juma moja Uvira ilikuwa mikononi mwa M23, na watu walikuwa wakivuka kwenda Burundi. Mhakiki anayesubiri ruhusa ya pande mbili na helikopta hafiki kwenye tukio kabla ya siku ya tatu. Wanakijiji wapo tangu saa ya kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa EAC na SADC, zilizokaa pamoja Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 kwa ajili ya vita hivi, ni mahususi. Taarifa za asasi za kiraia zikubalike rasmi kama chanzo cha kuanzisha uhakiki, wala zisisubiri malalamiko ya jeshi. Bajeti ya vocha, chaji ya sola na kuhamisha haraka mtu aliyegundulika itengwe nje ya bajeti ya kikosi chochote, ili kikosi kikiondoka isiondoke nayo. Na kuwe na chumba kimoja cha kupokea simu, wapokeaji wakiwa ni watu wanaoelewa Kiswahili cha Kivu. Mtu wa Kigoma akisikia "banakuya" (wanakuja) haulizi maana yake. Chumba hicho kiwe na watu hasa kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri. Mutarule ilishambuliwa usiku.

Msomaji wenu,
Kigoma