Barua ya wazi kwa vijana mnaotunza seva

Wanangu,

Mwezi uliopita niliitwa katika ofisi moja ambayo seva yake ya mahesabu, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, ilikuwa imekufa usiku, nikamkuta kijana anayeitunza ameketi sakafuni kando ya kabati la mitambo, huku meneja wake amesimama mlangoni akirudia kwamba haya ndiyo malipo ya kutumia programu za bure. Maneno hayo yaliniudhi, lakini kadiri nilivyouliza maswali ndivyo hasira yangu ilivyohama kutoka kwa meneja ikaja kwetu sisi mafundi.

Kijana hakuwa mzembe kama alivyosemwa. Bakapu, yaani nakala ya akiba, alikuwa nayo: skripti yake, orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, ilichukua nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, mojawapo ya hizo programu za bure, kila saa 8 usiku na kuiweka kwenye diski ya nje, na kila asubuhi alipata ujumbe kwamba kazi imekamilika. Tulipofungua folda tukakuta faili za miezi 5 zina ukubwa wa baiti 0, yaani ni tupu. Neno la siri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, amri ya kunakili ikawa inakataliwa kila usiku, na ule ujumbe wa asubuhi ulitumwa na mstari wa mwisho wa skripti, ambao haukujali kama mistari iliyoutangulia imefaulu au imeanguka. Nikamuuliza ni lini alijaribu kurejesha hata nakala moja. Alinyamaza, nami nikakumbuka ni wangapi kati yenu wamenyamaza vivyo hivyo nilipowauliza swali hilo.

Msidhani huu ni ugonjwa wa ofisi maskini. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipozitafuta nakala, waligundua kwamba zana ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, hivyo kazi ilishindwa kila siku, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani zisimfikie mtu. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 nyuma, ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Wao, angalau, waliyaandika yote hadharani ili tujifunze. Kwetu, aibu kama hiyo huzikwa usiku uleule, na ofisi ya jirani ikaja kuanguka katika shimo lilelile.

Sasa nirudi kwenye neno "bure", kwa kuwa meneja hakulizua. Sisi ndio tuliomuuzia tulipokuwa tukitafuta kibali. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Ada ya leseni inapoondoka, kazi ya kuitunza inabaki palepale, nayo inadai mshahara, diski za ziada na saa za majaribio. Ofisi ile ilikuwa imenunua viti vipya vya ukumbi wa mikutano katika mwaka uleule iliporudisha ombi la kijana la mashine ya kujaribia. Na someni matangazo yetu ya kazi: mtunza seva ndiye huyohuyo anayetakiwa kubadilisha wino wa printa na kufunga projekta kabla ya kikao cha wakubwa. Jamii inayomwona fundi pale tu mtambo unapozimika haitampa muda wa kuzuia usizimike.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ugali wangu umetoka huko. Kabla ya SEACOM, kebo ya intaneti ipitayo chini ya bahari, kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, na kupakua mfumo endeshi mzima kulikuwa mtihani wa uvumilivu. Nilijifunzia diski za Ubuntu, mfumo endeshi huria, zilizokuwa zikitumwa kwa posta bila malipo, nikaivuruga na kuisimika upya kompyuta moja chakavu mpaka mke wangu akazoea kulala na mlio wa feni. Watu nisiowajua walinifundisha kazi bila kunidai chochote, na ndiyo maana naona vibaya kazi yao inaposingiziwa makosa yetu.

Mengine nayataja tu. Msinakili amri msiyoielewa. Andikeni kila mnachokibadilisha, pamoja na tarehe na sababu. Msifanye kila kazi kwa akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote juu ya mtambo. Ondoeni CentOS 7, mfumo endeshi wa seva ambao masasisho yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024 na bado naukuta kila ninakokwenda. Mkikuta hitilafu katika programu huria, waandikieni wanaoitengeneza, hata kama Kiingereza chenu kinachechemea.

Kijana yule aliachishwa kazi Ijumaa ileile. Kesho yake nilimwita nyumbani, akaja na kompyuta yake, tukasimika hifadhidata ya majaribio, tukaifuta kwa makusudi na kuirejesha kutoka kwenye nakala. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alihangaika zaidi ya saa nzima. Mara ya tatu alimaliza kwa dakika 11, kisha akaniomba tuifute tena.