Uso unataka usawa wa rangi, hautaki weupe

Ndugu Mhariri,

Kila Mfunguo Mosi unapoingia na harusi kuanza kufuatana, krimu za "kung'arisha bi harusi kwa siku saba" hurudi kwenye vibanda na kwenye simu zetu, Unguja na Pemba. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini bidhaa hizi huharibu kile kile zinachodai kukileta.

Kinachoufanya uso upendeze kimechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1878 Francis Galton wa Uingereza alieleza namna alivyozipandanisha picha za wahalifu katika picha moja, akitafuta sura ya kihalifu. Alichokipata ni uso mzuri kuliko nyuso zilizouunda. Mwaka 1990 Judith Langlois na Lori Roggman wa Marekani walifanya jambo kama hilo kwa kompyuta: sura iliyochanganywa kutokana na nyuso 16 au 32 ilipendeza kuliko takriban zote zilizoingia ndani yake. Lakini picha zikichanganywa, madoa na makovu ya kila mmoja hufutika. Je, kilichopendeza ni umbo au ngozi? Mwaka 2006 Bernhard Fink na wenzake walichukua ngozi za wanawake wa umri mbalimbali wakazivisha umbo moja la uso. Umbo halikubadilika, lakini ngozi yenye rangi sawasawa ilionekana changa zaidi na yenye afya zaidi. Wanawake hao wote walikuwa Wazungu, kwa hiyo si weupe uliowatofautisha. Ni madoa na mabaka.

Jicho huangalia pia jinsi macho, nyusi na midomo inavyojitenga na ngozi iliyoizunguka, na mtengano huo hufifia umri unaposogea. Bibi zetu waliutengeneza kwa wanja kabla hapajawa na maabara yoyote (ila wanja wa unga wa jiwe usio na lebo tuuogope, kwani mwengine una madini ya risasi). Zile programu za simu zinazopima uso kwa namba 1.618 (ile iitwayo "uwiano wa dhahabu") na kutoa maksi hazistahili hata kupakuliwa.

Sasa tuutazame mkorogo. Ndani yake mara nyingi huwa na kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote. Klobetasoli ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, ya daraja la juu kabisa la nguvu. Maelekezo yake yenyewe yanasema isizidi wiki mbili mfululizo, na isipakwe usoni. Akiipaka mtu miezi mitatu, ngozi hukonda, vishipa vyekundu hujitokeza mashavuni, chunusi hutoka kwa mafungu, na siku anayoiacha ghafla uso huwaka moto. Hapo hurudia krimu, moto ukatulia, na mtego ukawa umefunga. Anayetaka kutoka humo apunguze taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Cha pili ni hidrokwinoni, dawa ya kupunguza weusi wa ngozi. Ikitumika muda mrefu, hasa kwa anayeshinda juani, huacha madoa ya rangi ya buluu iliyokoza nyeusi juu ya mifupa ya mashavu. Mtumiaji hudhani dawa imepungua nguvu, huongeza, na doa huongezeka. Doa hilo ni gumu mno kuondoka, hata kwa leza. Zebaki ni mbaya zaidi kwa kuwa haikai usoni tu: hufika kwenye figo, na hubaki kwenye taulo na foronya anazolalia mtoto. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeizuia kwenye vipodozi, lakini bado inauzwa. Soma lebo: ukikuta "calomel", "mercuric" au "mercurous", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala vito, irudishe. Isiyo na orodha ya viambato kabisa usiinunue. Iliyokwisha kununuliwa ipelekeni kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Basi kinacholeta usawa wa rangi ni nini? Kwanza kabisa ni kinga ya jua, na hapa kwetu si jambo dogo. Tuko nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana hupita utosini hasa. Krimu ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga) huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, ya 50 takriban asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Kinachowaangusha watu ni kipimo. Kamua mistari miwili, wa kidole cha shahada na wa kidole cha kati, tokea shina hadi ncha: hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukipaka nusu yake, ile 50 ya kwenye kopo huipati. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Aliyekaa dirishani kwenye daladala asijidanganye na kioo, maana miale inayozeesha hupita.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwa ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida unaoonekana huchochea mabaka, hasa yale ya mashavuni yanayokuja na mimba. Krimu nyeupe peke yake haiuzuii vizuri. Tafuta yenye rangi ya udongo, inayotokana na oksidi ya chuma. Nayo haimwachi mtu na uso wa majivu.

Ya pili ni tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, inayoandikwa na daktari. Anza na asilimia 0.025. Osha uso usiku, ukaushe, subiri dakika 20, kisha chukua kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, epuka kope, pembe za pua na za mdomo. Wiki mbili za mwanzo iwe usiku mara mbili kwa wiki, kisha usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, na losheni juu yake. Wengi huharibu kwa pupa: hupaka nyingi kila siku, ngozi huungua, na kwetu sisi palipoungua huacha weusi. Matokeo ya rangi ni miezi mitatu, ya makunyanzi ni sita. Mjamzito na anayetafuta mimba wasiiguse.

Vya nyumbani navyo vina masharti. Liwa na maji ya waridi hatuna ugomvi navyo. Singo ipakwe kwa kiganja laini. Kusugua hadi ngozi iwashe huzaa weusi, na karafuu nyingi huchoma. Ndimu usoni, la hasha: majimaji yake yakikutana na jua huunguza, malengelenge hutokea siku moja hadi tatu baadaye, na doa hukaa miezi.

Sindano nazo zimeanza kutangazwa. Ya kulegeza misuli kati ya nyusi, kwa chapa ya Botox, ni yuniti 20 katika nukta 5, hukamilika wiki mbili na hudumu miezi mitatu hadi minne. Yuniti za chapa moja si sawa na za nyengine. Chupa hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Ikisambaa vibaya, kope huanguka kwa wiki kadhaa.

Ya kujaza mashavu na midomo, ya asidi ya hailuroniki, ina hatari kubwa zaidi: ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi hufa, na karibu na pua au kati ya nyusi inaweza kupofua jicho. Dalili ni maumivu ya ghafla, ngozi kupauka au kufanya mtandao wa zambarau. Kabla ya kulala kitandani uliza: "Hailuronidezi iko hapa?" Hiyo ndiyo dawa ya kuiyeyusha. Kama haipo, ondoka. Silikoni ya maji usiikubali kabisa, haiyeyushwi na chochote.

Bi harusi aliyebakiwa na wiki tatu asianze kitu kipya chochote usoni. Kinga ya jua, liwa aliyoizoea, na wanja siku yenyewe.

Wafamasia wawili,
Chake Chake, Pemba