Mhariri, tuwekee na siku za bamvua

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Mikindani, Mtwara. Sina malalamiko, nina ombi.

Huku kusini habari nzito ni za jirani. Vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tangu 2017, viko ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na wengi wetu tuna ndugu upande ule. Aprili 2019 tuliambiwa tuhamie sehemu za juu, kimbunga Kenneth kinakuja. Kikatupita sisi, kikawaangukia wao. Mei 2024 kikaja Hidaya, barabara ikakatika Kilwa, safari ya Dar es Salaam kwa gari ikawa haiwezekani. Kwa hiyo redio ikisema jambo, hatulisikilizi kama hadithi. Mimi nilifika mahali nikawa naamka saa nane usiku kushika simu, nione kumetokea nini.

Aliyenitoa humo ni bibi mmoja jirani yangu. Asubuhi ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kutoka mbali sana, mwezi ukiwa mpevu, alinigongea dirisha: "Kuchele, mwanangu! Maji yanatoka hayo, twende pwani." Kufika saa nne bahari ilikuwa imekwenda mbali kabisa. Akanisimamisha kwenye mwamba, mbele ya tundu ambalo peke yangu ningelipita. "Tazama mlangoni pake." Palikuwa na vipande vya magamba ya kaa na vikokoto, vimerundikana. Pweza akila, mabaki huyatupa hapo hapo, na mwenye macho anajua mwenyewe yumo ndani. Bibi alichuchumaa na kijiti chake, akangoja. Nami nikachuchumaa. Labda robo saa nzima sikuikumbuka simu. Nilisikia maji tu yakichuruzika kwenye mawe.

Tulirudi na pweza mmoja na tondo, wale konokono wa pwani, nusu kikapu. Njiani tukanunua ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, tukaimenya kwa meno tukila na chumvi ya pilipili, huku bibi akinieleza habari za watu waliokwisha kufa kana kwamba atawakuta nyumbani.

Jioni taarifa ya habari ilikuwa mbaya vilevile. Lakini niliisikiliza hadi mwisho, kisha nikampigia shangazi yangu wa ng'ambo, jambo nililokuwa naliahirisha kwa kuogopa atakachoniambia. Tuliongea mpaka salio likaisha.

Wapo wanaotushauri tuache kabisa kufuatilia habari. Sikubaliani nao. Tungeziba masikio 2019, nani angetuambia tuhame? Kwa hiyo, Mhariri, usipunguze wala usilainishe. Ila pembeni ya habari hizo, hata kwa mistari mitatu, tuwekee siku za bamvua na za maji mafu (bahari isipojaa wala kutoka sana), mikorosho imeanza kutoa maua wapi, ming'oko imeingia soko gani. Hayo nayo yametokea kweli, na yupo mtu wa kuyatumia kesho yake asubuhi.

Bamvua linalofuata ni la mwezi mwandamo. Mkianza na hilo, nitamsomea bibi.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara