Mama, nimechora njia ya Baba

Shikamoo Mama. Da' mkubwa hujambo, na wanao, na shemeji? Mi nipo salama, baridi tu ndo inasumbua, asubuhi barafu imefika kwenye goti na bado watu wanaenda kazini kama kawaida.

Ile sauti niliyowatumia Jumapili mtandao uliikata katikati ndo maana nimeona bora niandike, Da' utamsomea Mama akishaswali magharibi, taratibu, usiruke. Huku Iowa sa hivi ni saa tatu usiku kwahiyo huko kwenu ndo kunakucha saa kumi na mbili, najua Mama ushawasha mkaa. Tunapishana masaa 9 miezi hii ya baridi.

Mama siku ile uliniuliza swali nikalijibu vibaya kwa haraka na limenikaa moyoni. Ulisema majirani wanakuuliza mwanao udaktari wake umefika mwaka wa ngapi, na we hujui uwaambie nini manake ushasikia sishiki sindano wala simpimi mtu. Sikusomea udaktari Mama. Nasomea uendeshaji wa hospitali, ni ile ile kazi ya katibu wa afya niliyokuwa naifanya wilayani ila sasa naisoma mpaka chini kabisa. Daktari anamshughulikia mgonjwa akishakaa mbele yake. Sisi tunasoma yale ya kabla hajafika pale na baada ya kutoka, yaani nani kampokea, faili lake liko wapi, dawa iliagizwa lini na nani, nani analipa, mbona mashine imekufa miezi mitatu na hakuna aliyeandika popote kwamba imekufa. Na kozi yenyewe si ya juzi, University of Chicago waliianzisha ya uzamili mwaka 1934, sisi bado tunatawaliwa.

Darasani tupo mchanganyiko, kuna muuguzi mmoja kafanya kazi za usiku miaka 20 huyu ndo rafiki yangu, kuna aliyetoka jeshini, kuna vijana waliotoka digrii ya kwanza moja kwa moja. Kazi za vikundi ni nyingi kupita maelezo. Mchana nafanya kazi maktaba ya chuo maana viza yetu inaruhusu masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo na ndani ya chuo, nikitoka hapo nakula nakaa kwenye Excel mpaka usiku. Somo la uhasibu lilinitoa machozi muhula wa kwanza lakini nimelipita.

Kilichonichukua muda mrefu kuelewa ni nani analipa. Huku hakuna mlango mmoja. Mtu akifika miaka 65 ana bima ya serikali inaitwa Medicare, mwenye kipato kidogo ana Medicaid, hizi zote mbili zilisainiwa na rais Johnson siku moja, tarehe 30 Julai 1965, na hao wengine wengi wanakatiwa bima na mwajiri, ukipoteza kazi na bima inaweza kuondoka nayo. Halafu kuna sheria ya 1986 inasema mtu akifika emajensi lazima apimwe na atulizwe hali yake, awe na hela asiwe na hela, hawaruhusiwi kumrudisha. Nilipoisoma nilifurahi sana, nikasema hii ndo utu. Baadae nikaelewa kwamba sheria haisemi bili isije. Bili inakuja.

Da' hapa ni pako. Tangu 1983 Medicare ilipobadilisha malipo, hospitali hailipwi kwa idadi ya siku alizolala mgonjwa, inalipwa bei moja kwa aina ya ugonjwa. Nimonia bei yake hii, alale siku tatu alale nane. Sasa we ungekuwa mkurugenzi ungefanyaje? Ungewatoa mapema. Na wakawatoa mapema kweli, watu wakawa wanarudi wakiwa na hali mbaya zaidi, ndo Oktoba 2012 wakaanza kuzikata hela hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kulazwa ndani ya siku 30 kupita kiasi, walianza na mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kazi na nimonia. Mi jambo hili limenibadilisha kabisa jinsi ninavyoangalia kazi. Zamani nikiona kituo kinafanya vibaya nilikuwa nasema watumishi wale hawana moyo. Sa hivi naanza kwa kuuliza hela inawasukuma kwenda wapi.

Niliambiwa nifanye prezentesheni ya nchi yangu, kila mtu na mfumo anaoujua. Nikaeleza zahanati za vijiji, nikaeleza kuchangia gharama kulivyoanza 1993, nikaeleza CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, nikafika kwenye ile hela inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo tangu mwaka wa fedha 2017/18 bila kusubiri wilaya. Profesa akaniuliza, kijijini kule nani anaisimamia hiyo hela? Nikasema dada yangu. Muuguzi, mfawidhi wa zahanati, anakaa na kamati ya usimamizi ya kituo wanapanga, wanaandika, wanakaguliwa. Darasa likanyamaza kidogo, yule muuguzi rafiki yangu akasema mi miaka 20 sijawahi kuiona bajeti ya wodi yangu. Da' nilikuonea fahari sana siku ile ujue, nilitamani ungekuwepo.

Sasa Mama nifike pale ambapo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Kuna mtu tunamsoma sana anaitwa Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut 1919 akaja kufundisha huku Marekani, mwaka 1966 akaandika kwamba ukitaka kujua ubora wa matibabu angalia vitu vitatu, ulichonacho, unachofanya, na kilichompata mgonjwa mwishoni. Majengo na watu na vifaa, halafu hatua zenyewe, halafu matokeo. Ukisoma unaona kama jambo la kawaida tu. Sasa profesa akatupa asaimenti, akasema chora njia ya mgonjwa mmoja unayemjua, kuanzia alipotoka nyumbani mpaka aliporudi, kila hatua weka kisanduku na muda, na pale alipokwama weka rangi nyekundu. Wenzangu wakachora za watu wa huku, mmoja alichora ya mtoto wake na pumu.

Mi nilimchora Baba.

Ile Jumanne, Mama. Nilikuwa fomu foo. Nimeweka alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla ya daladala ya kwanza, nimeweka alifika saa moja, akachukua namba, akakaa kwenye benchi, saa tatu wakaanza kuita, saa sita wakamwambia faili halionekani, mzee nenda dirisha lile, lile dirisha wakamwambia rudi masijala, masijala wamekwenda kula. Saa tisa akaambiwa njoo Alhamisi tutakuwa tumelipata. Akarudi. Nakumbuka alivyokaa kwenye mkeka akavua viatu akasema hakuna neno, nitakwenda Alhamisi, na presha yake hakuna mtu aliyeipima siku nzima ile na vidonge vilikuwa vimeisha tangu Jumamosi. Na Alhamisi hakuiona.

Sijawahi kuliongelea hili na nyie maana kila tukilifikia we Mama unasema ni kudra ya Mungu na mimi siwezi kubishana na kudra. Lakini nilipomaliza kuchora nikahesabu, masaa zaidi ya kumi nje ya nyumba yake, dakika na mtaalamu wa afya: sifuri. Hakuna daktari aliyekosea siku ile Mama, hakuna aliyemfikia akosee. Karatasi ndo ilimzuia. Nilishindwa kuiwasilisha mbele, profesa akaniambia itume tu kwa maandishi, akaniandikia chini maneno ambayo nitayaweka kwa ajili yangu. Kwahiyo majirani wakikuuliza tena waambie mwanangu anasomea lile faili. Naomba uwaambie hivyo hivyo.

Na kwenye fildi nilipangiwa ofisi ya bili, sehemu ambayo watu wanakuja kuuliza deni lao. Simtaji mtu wala mji kwa sababu siri za mgonjwa huku zina sheria yake tangu 1996 na hata bila sheria si jambo la kusema, ila nataka mjue. Alikuja mama mmoja Mkongomani wa Kivu, umri wako Mama, kitambaa kichwani, ameshika mfuko wa plastiki. Ndani bahasha zaidi ya kumi hazijafunguliwa hata moja. Alifanyiwa operesheni ya ghafla usiku, wakati huo ndo kwanza amehamia kazi mpya na bima ya kazini ilikuwa haijaanza, mwajiri anaruhusiwa kukusubirisha mpaka siku 90. Msimamizi akanizuia nisimtafsirie mwenyewe kwa sababu lazima awe mkalimani aliyethibitishwa, tukapiga ile simu ya wakalimani akapokea kijana Kiswahili chake cha Nairobi kabisa. Mama yule akasema "nilizani batanitia ku buloko." Kijana akauliza, ku nini? Akarudia, ku buloko. Nikamuangalia msimamizi nikamwambia anamaanisha jela, anadhani akifungua zile barua watamfunga.

Mama, amekaa na zile bahasha chini ya godoro miezi, amevimba mguu hajarudi kliniki kwa kuogopa kwamba wakimuona watamkamata kwa deni. Na ndani ya barua zile zile, ukurasa wa nyuma, herufi ndogo, kwa Kiingereza, imeandikwa kwamba mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kusamehewa. Sheria ya 2010 inazitaka hospitali zisizo za faida ziwe na utaratibu huo kwa maandishi, na mtu ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Yeye alikuwa amebakiwa na siku 19. Tulijaza fomu pale pale, mkalimani kwenye simu, risiti za mshahara alizitoa kwenye sidiria zikiwa zimekunjwa vizuri sana. Alipoondoka akanishika mikono yote miwili akasema minashukuru, kisha akauliza mi ni mtoto wa wapi, nikamwambia Tanga, akasema na yeye alishakaa kambini Kigoma, kaka yake kazikwa huko.

Fildi iliisha kabla majibu hayajatoka na kwa vile si mfanyakazi wa pale tena siruhusiwi kuambiwa. Ndo hivyo. Tulichofanikiwa ni kumshawishi msimamizi, ile karatasi ya msamaha sasa inawekwa juu ya bili si nyuma, na ipo kwa Kiswahili, nimekaa nayo usiku mbili na mtafsiri wao tukigombana kuhusu neno moja moja, mi nataka neno ambalo mtu wa Bukavu na mtu wa Mombasa wote wataelewa. Ni karatasi moja lakini naijali kuliko maksi zote nilizopata.

Da' mkubwa nina ombi. Kuna kanuni inaitwa ya Little, jina la mtu, John Little, aliithibitisha 1961, nayo ni hii: watu waliopo kituoni ni sawa na wanaoingia kwa saa mara masaa wanayokaa. Wakiingia 20 kwa saa na kila mmoja anakaa masaa matatu basi una watu 60 kwenye mabenchi, uongeze mabenchi usiongeze. Ukipunguza kukaa kwao kuwa saa moja na nusu wanabaki 30, wauguzi wale wale. Kwahiyo kabla hujaiomba kamati mabenchi mapya naomba wiki moja, Jumatatu mpaka Ijumaa, yule binti wa mapokezi aandike kwa penseli kwenye kona ya kadi saa mtu alipofika, na wa dirisha la dawa aandike saa alipotoka. Basi, usimpe mtu kazi nyingine. Nipigie picha kadi bila majina ntazihesabu mimi huku. Nina wasiwasi mnakwama kwenye kuandika rejista, mgonjwa mmoja anaandikwa vitabu vitatu, lakini sitaki kubahatisha, tuone namba.

Na bima ya Mama. Nafasi zako nne za bima ya kazini najua zimejaa watoto, ndo maana mwaka jana nilituma ile 30,000 ya CHF iliyoboreshwa kwa kaya ya watu sita, Mama na shangazi na wajukuu. Angalia kadi inaisha tarehe ngapi uniambie mapema kabla haijaisha, pia niulizie wilayani hii sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 kwetu inaanzaje, nani anaandikisha, manake nikisoma huku naona maandishi tu.

Mama, mitihani inaisha wiki ya pili ya Mei. Nitapiga Jumamosi asubuhi yenu, uwe na kikasha cha vidonge vya presha karibu, usiniambie vipo. Uvimwage kwenye sahani uvihesabu na mi nasikia.

Mwanao wa mwisho,
Iowa