Malalamiko kuhusu kazi mbovu ya kupaka metali kwenye vipuri vya Peugeot 404

Mombasa

Kwa Meneja wa Kiwanda,

KUH: VIPURI VYA PEUGEOT 404 YA MWAKA 1967

Vipuri vyangu vimenifikia vikiwa vimefungwa vizuri kwenye karatasi, tena vinang'aa kama sufuria za bibi harusi. Tatizo ni kwamba sikuomba vyote ving'ae.

Nilipovileta niliambatisha orodha ya maandishi. Bampa mbili za chuma zipigwe kromu kwa tabaka zake zote: shaba nyekundu, nikeli, kisha kromu. Bolti, nati na vyuma vya kuendeshea kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, vipakwe zinki na kumaliziwa rangi ya manjano. Mwili wa kabureta uoshwe tu. Karani wenu aliipiga mhuri orodha hiyo, na nakala yake iko pamoja na barua hii. Kilichorudi ni kromu kila mahali. Nilipopiga simu, fundi wenu wa zamu alinijibu, "Lakini mzee, si zinang'aa?" Kijana huyo simlaumu, aliagizwa kupiga kromu, akapiga. Malalamiko yangu ni kwa waliomwagiza.

Nianze na bolti, maana hizo zinaweza kuua mtu. Kadhaa ni za usukani na zina alama ya 10.9 kichwani, yaani ni chuma kigumu. Chuma cha namna hiyo kikipitishwa kwenye asidi na kwenye pipa la kupakia metali kwa umeme hufyonza gesi ya haidrojeni, kisha huweza kukatika ghafla baada ya kukazwa, bila kuonyesha dalili yoyote. Dawa yake si siri kwa watu wa kazi hii: kipuri hutiwa kwenye tanuri la nyuzi 190 hadi 220 za Selsiasi ndani ya saa chache baada ya kupakwa, kikaachwa humo kwa saa nyingi. Nimeuliza kama zangu zilitiwa, nikaambiwa kiwanda hakina tanuri. Basi mlizipokea za nini? Sitazifunga garini hata mkinilipa. Na hata ningetaka, nati hazipandi. Tabaka la mikroni 25 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) juu ya meno ya bolti huongeza kipenyo cha meno hayo kwa karibu mara nne ya unene wake, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Nafasi hiyo ndani ya nati haipo.

Zinki ya mikroni nane hivi ingetosha. Ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza na kukilinda chuma. Nikeli na kromu ni kinyume chake: zikitoboka mahali padogo tu, chuma kilicho chini huliwa upesi zaidi, na huku kwetu upepo wa chumvi haulali. Wala sikudai kadimiamu, metali nyingine ya kuzuia kutu, ingawa magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani na bolti za kadimiamu. Ni sumu, na sitaki mtu aumie kwa ajili ya gari langu. Hata ile rangi ya manjano nilikubali iwe ya dawa mpya isiyo na kromu ya valensi sita, ile aina ya kromu yenye sumu, japo haifanani sana na ile ya zamani.

Bampa nazo zina lao. Kromu ya mapambo ni nyembamba mno, kama mikroni 0.3 hivi, na ina nyufa zisizoonekana kwa macho. Kinachozuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, na kwa chuma cha kukaa nje inatakiwa ifike mikroni 30 hivi. Bampa ya nyuma imeshatoa vidoa vya kutu kwenye kona ikiwa bado sebuleni kwangu. Upande wa ndani, ambako mpita njia haangalii, ni chuma kitupu.

Kabureta haihitaji maneno mengi. Mwili wake ni aloi ya zinki, na asidi ya kuoshea chuma huila. Umerudi na vishimo, maandishi yamefutika, na uso wa kukalia gasketi umepinda. Hautengenezeki.

Kwa hiyo nataka nirudishiwe fedha zote za bolti na vyuma vya kabureta, pamoja na gharama ya bolti mpya za usukani. Nataka kabureta nyingine ya aina ileile, au thamani yake. Bampa zivuliwe kromu na zipakwe upya kwa gharama yenu, nami nipewe vipimo vya unene wa nikeli kwa maandishi kabla sijazichukua.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Nisipojibiwa, nitayapeleka madai haya kwenye Mahakama ya Madai Madogo.

Vipuri vyote ninavyo, sijavigusa zaidi ya kuvipiga picha. Mkitaka kumtuma mtu aje avikague, aje siku yoyote ya kazi, na aje na kifaa cha kupimia unene.

Wenu,
Mteja, mwenye gari