Opali yako imekunywa maji

Raskazone, Tanga

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja. Mengine baadaye, maana naogopa utamvaa sonara wa watu kabla barua hii haijafika Bagamoyo.

Umeniandikia kwamba opali, kile kito cha rangi nyingi kwenye pete yako, imepoteza rangi zake, na unamshuku sonara kwamba amebadilisha jiwe. Usimvae. Jiwe halikubadilishwa. Opali nyingi za Wollo, Ethiopia, ndivyo zilivyo: zikilowa zinakunywa maji, rangi zinapotea, jiwe linabaki wazi tu, unaona hadi upande wa pili. Nawe umefua asubuhi nzima na pete kidoleni!

Zile rangi hazikupakwa wala hazimo ndani ya jiwe. Kilichomo ni vitufe vya silika, madini yale yale ya mchanga, vya nanomita 150 hadi 350 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni), vimepangwa safu juu ya safu, na katikati yake pana nafasi tupu. Kila safu inarudisha mwanga kidogo. Kwa wimbi la urefu fulani marejeo hayo yanakwenda sambamba na kuongezeana nguvu, basi wimbi hilo linarudi machoni pako na mengine yanapita. Ukigeuza mkono, kijani kinaelekea buluu. Vitu vyenye mpangilio huu huitwa fuwele za fotoni, yaani za chembe za mwanga. Mwaka 1987 wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mtu kivyake, waliandika kwamba mpangilio wa namna hii unaweza kuzuia mwanga wa rangi fulani usipite upande wowote. Opali haifiki huko, inazuia pande baadhi tu, lakini kwa pete inatosha.

Sasa yakaingia maji ya kufulia. Safu zinarudisha mwanga kwa sababu silika na hewa hazifanani: ndani ya silika kasi ya mwanga inapungua mara 1.45 hivi, hewani karibu haipungui. Majini ni mara 1.33. Nafasi zikijaa maji tofauti inakuwa ndogo, mwanga unavuka mipaka bila kurudi sana. Umeona karatasi ya bajia ikilowa mafuta, maandishi ya nyuma yakaonekana? Ni jambo hilo hilo. Tena rangi kidogo inayobaki inahama. Nimepiga hesabu kwa vitufe vya nanomita 250 vilivyobanana: vikavu vinarudisha wimbi la urefu wa nanomita 550, kijani, vikilowa, karibu 580, manjano.

Ndiyo maana nakusihi, na najua wifi yako atakushauri kinyume, usilipake mafuta ya nazi ling'ae. Mafuta hayo yanapunguza kasi ya mwanga mara 1.45, sawa na silika yenyewe, na hayakauki kama maji. Utabaki na kigae. Hina nayo ikipenya haitoki, kwa hiyo siku ya harusi vua kwanza.

Liweke juu ya kitambaa kikavu, kivulini. Juani hapana, likikauka kwa pupa linapasuka. Kwa unyevu wa pwani yetu litachukua siku kadhaa, na katikati huenda likawa jeupe, lina ukungu: matundu mengine yana hewa, mengine bado maji, mwanga unatawanyika ovyo. Usishtuke. Ukitaka ushahidi, mwombe sonara, kwa heshima lakini, alipime sasa na alipime tena likikauka. Uzito utapungua.

Niandikie kijani kikianza kurudi, na uniambie kimeanzia pembeni au katikati. Mimi nasema pembeni.

Wako,
Zuhura